Simu inachelewa kujaa: pima kabla ya kununua



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linasumbua nyumba nyingi na kula pesa nyingi. Kijana mmoja ametuandikia hivi:

"Pasta, ninawekaka simu yangu ku chaji usiku muzima, na asubui inakuwa tu ku 60. Fundi wa kwanza alisema ni batri. Nikanunua batri mupya, lakini hali iko ileile. Fundi wa pili anasema nitafute simu ingine. Nifanye nini?"

Kijana wetu, asante kwa swali lako. Usinunue simu nyingine bado. Yawezekana simu yako haina ugonjwa wowote. Lakini kabla ya kukujibu, acha tuseme neno moja kwa wazazi wanaofikiri kwamba hayo ni mambo ya vijana tu.

Kwa nini jambo hili si mchezo

Zamani, habari za mbali zilipita kwa foni ya redio, na batri yake ilikuwa ile kubwa ya gari. Leo simu ya mkononi imechukua kazi zote. Mchimbaji aliye porini anatumia mama ya watoto pesa kwa simu; M-Pesa ilianza katika nchi yetu mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi hiyohiyo. Mwenye duka anaagiza mali Kampala, Dubai au Guangzhou kwa simu.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni, jamaa nyingi zimejua maana ya simu kulia usiku: njia gani ni salama, nani amefika, nani hajaonekana. Tena wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa katika ugonjwa ule, na wengi wao walikuwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Siku kama hizo simu iliyozimika inaweza kumchelewesha mtu anayehitaji msaada mara moja.

Kwa hiyo, baba, mama na vijana, tusikilizane vizuri.

Mfano wa bido kwenye robine

Mnajua namna ya kujaza bido la lita 20 kwenye robine. Siku nyingine linajaa upesi, siku nyingine unasimama mpaka miguu inachoka. Sababu ni nini? Labda maji ni machache kule juu kwenye tangi. Labda bomba ni jembamba. Labda mdomo wa bido umezibwa na udongo. Labda watoto wanachota ndani ya bido wakati ungali unajaza. Ama bido lenyewe limeharibika.

Simu ni sawa vile. Tangi ni umeme wa nyumba, au jenereta, au paneli ya jua. Bomba ni chaja na kamba yake. Mdomo ni lile tundu la simu. Watoto wanaochota ni kioo kinachowaka na programu zinazofanya kazi ndani. Bido ni batri.

Angalia sasa jambo ambalo mafundi wengine wanalisahau. Batri iliyozeeka mara nyingi haicheleweshi kujaa. Inafanya kinyume: inajaa upesi, kiisha inaisha upesi, kama bido ambalo mtu ametia mawe ndani, nafasi ya maji imebaki ndogo. Simu inayojaa polepole, lakini ikisha kujaa inadumu siku nzima, batri yake kwa kawaida ni nzima. Ubaya uko njiani. Hiyo ndiyo sababu kijana wetu alinunua batri bure.

Hesabu ndogo ya kila mtu

Chukua chaja yako, usome maandishi madogo yaliyo juu yake. Tafuta neno OUTPUT, au SORTIE kwa Kifaransa. Utaona volti (V) na ampea (A). Zidisha moja kwa nyingine, utapata wati, ndiyo nguvu ya chaja. Volti 5 mara ampea 1 ni wati 5. Volti 5 mara ampea 2 ni wati 10. Volti 9 mara ampea 2 ni wati 18.

Batri ya simu nyingi za leo imeandikwa 5,000 mAh. Hiyo inabeba karibu wati-saa 19, na nguvu kidogo inapotea njiani kwa joto. Kwa hiyo, tangu sifuri mpaka kujaa:

Kwa wati 2.5, ndiyo nguvu ya tundu la kompyuta ya zamani, karibu saa 9.
Kwa wati 5, karibu saa 5.
Kwa wati 10, karibu saa 2 na nusu.
Kwa wati 18, saa 1 na nusu au 2, kama simu yenyewe inakubali nguvu hiyo.

Umeona? Ukitumia chaja ndogo ya simu ya zamani ya vitufe kwa simu kubwa ya leo, saa nyingi si ugonjwa. Ni bomba jembamba kwa bido kubwa.

Jua pia kwamba 20 za mwisho zinakwenda polepole kila mara. Ukijaza bido, unapunguza robine karibu na mwisho ili maji yasimwagike. Simu inafanya hivyo kusudi, kwa kulinda batri. Usipime mwendo wa simu kuanzia 80 kwenda 100.

Namna ya kupima

Kijana wetu anasema "usiku muzima". Je, umeme ulikuwako usiku mzima? Katika mitaa yetu umeme unakatika wakati watu wamelala, na jenereta ya jirani inazimwa saa nne ya usiku. Mtu anaamka asubuhi na kulaumu simu. Kwa hiyo usipime ukiwa usingizini.

Pima hivi: simu ikiwa kati ya 20 na 50, andika hesabu kwenye karatasi. Zima simu kabisa, iweke kwenye chaji dakika 30 ukiwa hapo, kiisha uiwashe na kuandika tena. Kwa chaja ya wati 5 na batri ya 5,000, inapaswa kupanda karibu 10. Kwa wati 10, karibu 20. Ikipanda 3 au 4 tu, kuna mahali umeme unazibwa.

Sasa anza kutafuta. Sheria ni moja: badilisha kitu kimoja tu, kiisha upime tena. Ukibadilisha chaja na kamba pamoja, hutajua ni nani aliyekuwa na kosa. Tena anza na mambo yasiyoomba pesa.

1. Umeme wenyewe

Peleka chaja kwenye prizi nyingine, ama kwa jirani mwenye umeme mzuri. Chaja nyingi zinakubali umeme wa volti 100 mpaka 240, lakini umeme unaoyumbayumba au prizi iliyolegea inakata chaji na kuirudisha kila mara. Ukisikia simu inalia "tin, tin" kila dakika, sababu inaweza kuwa hiyo.

Ralonji nazo tuziangalie. Siku ya Mungu, jenereta ya kanisa ikiwashwa, tunaona simu 20 juu ya ralonji moja, pamoja na sauti kubwa ya waimbaji. Tusishangae kama kila simu inapata kidogo, na ile ralonji inachemka mpaka inanuka.

Kwa ndugu wenye paneli ya jua: nchi yetu iko karibu na ikweta, lakini milima yetu ina mawingu mengi. Paneli ya wati 10 inatoa wati 10 kwa jua kali la mchana tu. Wingu likipita, inaweza kubaki wati 1 au 2. Chaji tangu saa nne ya asubuhi mpaka saa nane. Elekeza paneli kwenye jua, ipanguse vumbi. Lakini simu usiiache juani karibu na paneli! Iweke kivulini.

2. Chaja

Azima chaja nyingine nzuri, ya wati zilezile au zaidi, upime dakika 30. Sokoni kuna chaja nyingi zenye maandishi ya uongo. Zimeandikwa ampea 2, lakini ndani hakuna hata 1. Macho hayawezi kuijua, lakini kipimo cha dakika 30 kinaisema wazi.

Watu wanauliza, "Chaja kubwa haitaunguza simu yangu?" Hapana. Chaja nzuri haisukumi umeme kwa nguvu. Simu ndiyo inaomba kiasi inachotaka. Lakini lazima chaja na simu zielewane. Chaja ya haraka ya kampuni moja inaweza kutoa wati 10 tu kwa simu ya kampuni nyingine, kwa sababu hazisemi luga moja. Hapo hakuna kilichoharibika.

3. Kamba

Hapa ndipo ubaya unapopatikana mara nyingi, na watu hawaangalii. Ndani ya kamba ya kawaida kuna nyuzi 4: 2 zinapitisha umeme, 2 zinapitisha habari. Kamba mbaya ina nyuzi nyembamba sana, na umeme unapotea njiani. Nyingine haina kabisa zile nyuzi za habari. Simu inashindwa kumtambua aliyeko upande wa pili, basi kwa woga inaomba ampea nusu tu. Ndiyo wati 2.5 zilezile za saa 9.

Kamba ndefu inapoteza kuliko kamba fupi. Kamba iliyokunjwakunjwa mahali pamoja, ama inayochaji tu ukiishika kwa upande fulani, imekatika ndani. Azima kamba fupi, nene, upime. Kama hesabu inapanda, umepona, na hujalipa fundi.

4. Tundu la simu

Vumbi letu jekundu linajulikana. Simu inakaa mfukoni mwa suruali, kwenye chukudu, kwenye pikipiki, shimoni. Vumbi linaingia tunduni, linachanganyika na nyuzi za nguo, na kamba inalisukuma ndani kila siku mpaka linakuwa kama kizibo. Dalili ni hii: kamba haifiki mwisho, inacheza, ama inatoka yenyewe.

Zima simu. Angalia ndani kwa mwanga wa tochi. Chukua kijiti chembamba cha kuchokoa meno, kikavu, ukokote vumbi polepole. Usitumie sindano wala msumari, chuma kinaweza kuunganisha meno ya ndani na kuharibu simu. Usimwage maji. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Ukiona kutu ya kijani au jino limepinda, hapo ni kazi ya fundi.

5. Simu yenyewe

Mwana anachaji simu huku anaangalia video, sauti juu, kioo kinawaka kama taa. Chaja inatia wati 5, kioo na programu zinakula 2 au 3. Kinachobaki ni kidogo. Huyo ndiye mtoto anayechota ndani ya bido.

Mtandao nao unakula. Kule machimboni antena iko mbali, na simu inapaza nguvu yake yote kuitafuta. Ukiwa mahali pasipo mtandao, weka simu katika hali ya ndege wakati wa kuchaji.

Joto ni adui wa batri. Simu ikipita nyuzi 45 hivi, inapunguza chaji ama inaikata kabisa, ili kujilinda. Toa kifuniko kinene, ondoa simu juani, isikae juu ya blanketi. Mwishoni angalia ndani ya mipangilio ya simu: simu nyingine zina mahali pa kufungua au kufunga chaji ya haraka, na mahali pa kuamuru simu isipite 80. Pengine mtoto aligusa bila kujua.

6. Batri, mwisho wa yote

Batri za namna hii, za lithiamu, ziliuzwa mara ya kwanza na Sony mwaka 1991, na wataalamu 3 waliozitengenezea njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo la Nobel mwaka 2019. Sisi wa nchi hii tuna sehemu yetu humo. Batri nyingi za simu zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, pande za Kolwezi na Likasi. Na koltani ya Kivu, ile ya Rubaya na kwingineko, inatoa tantali inayotumika katika vipande vidogo ndani ya simu. Mali inatoka kwetu kama udongo, inarudi kwetu kama simu. Basi tujue kuitunza.

Batri inachoka kwa kazi. Ikisha kujazwa na kutumiwa mara 500 hivi, nyingi zinabaki na nguvu ya karibu 80 kwa 100. Dalili za batri iliyochoka ni hizi: inajaa upesi na kuisha upesi, simu inazimika ikiwa bado 30, inachemka bila kazi. Ukiona hizo, nunua batri kwa mtu unayemjua.

Lakini batri iliyovimba ni jambo lingine. Kama mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeachana na mwili, acha kuichaji siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiifinye, usiitupe motoni, usimpe mtoto aichezee. Ipeleke kwa fundi. Hata makampuni makubwa yanapatwa: mwaka 2016 Samsung ilirudisha mamilioni ya simu zake za Galaxy Note 7, kwa sababu batri zake zilishika moto.

Ukienda kwa fundi

Usimwambie tu, "Simu haichaji." Mwambie: "Nimejaribu chaja 2, kamba 2, prizi 2, tundu nimelisafisha. Ikiwa imezimwa inapanda 4 kwa dakika 30." Fundi mwema atafurahi, na fundi mwenye tamaa ataona kwamba unajua. Muulize kwanza kama ni tundu la chaji, maana kulibadilisha ni bei ndogo kuliko simu mpya. Kaa hapo akifungua, uone kwa macho yako. Mafundi wetu wengi ni watu wa kazi. Lakini mgonjwa asiyejua kueleza maumivu yake anapewa dawa zote.

Amri ndogo za nyumba

Wazazi, wekeni mahali pamoja pa kuchajia, juu ya meza au tofali, mbali na mapazia, godoro na mafuta ya taa. Simu isilale chini ya mto, wala kitandani na mtoto. Mvua yenye radi ikianza, toeni chaja kwenye prizi. Milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya mahali panapopigwa na radi kuliko pengine pote duniani. Na kama umeme ni wa saa chache, jamaa ipatane: simu ya kupokea habari na pesa ya nyumba ichaji kwanza, simu ya mchezo ingoje.

Kijana wetu, ndiyo jibu letu. Anza kesho kwa kuazima kamba fupi ya rafiki, na upime dakika 30 tu. Kiisha chaja. Kiisha safisha tundu. Pesa ya simu mpya, iache kwanza mfukoni.

Kata kipande hiki, ukibandike ukutani:

Simu ikichelewa kujaa: 1. Prizi. 2. Chaja. 3. Kamba. 4. Tundu. 5. Joto na programu. 6. Batri. Kila mara kitu kimoja, kila mara dakika 30, simu ikiwa imezimwa. Batri ikivimba, acha mara moja.

Mkiwa na swali lingine la nyumbani, tuandikieni. Kaeni salama mpaka mwezi ujao.